Unguja hadi Mombasa: ndege ya moja kwa moja, kupitia Nairobi, au Dar na Tanga kwa basi?

Kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, Kiembe Samaki, hadi uwanja wa Moi kule Mombasa, ukipiga mstari ulionyooka ni kama kilomita 245. Nairobi na Mombasa, miji miwili ya nchi moja, zimeachana angani kwa kilomita 420 na ushei. Maana yake mtu wa Mombasa yuko karibu zaidi na Darajani ya Unguja kuliko alivyo karibu na mji mkuu wake. Na udugu wetu umefuata ukaribu huo. Mpaka Disemba 1963 ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya, Mombasa ikiwemo, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na watu walikwenda na kurudi, wakaoa na kuolewa. Ndiyo maana hadi leo harusi ya Mkunazini haikosi wageni waliotoka Kibokoni kule Mombasa, na msiba wa Kibokoni haukosi simu inayoita Unguja.

Lakini ukiuliza "Mombasa ni mwendo gani?" utapewa majibu ya kila namna. Mmoja atakwambia dakika arubaini, mwengine atakwambia kutwa nzima, wa tatu atakwambia ulale Dar kwanza. Wote wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja anaisemea njia yake. Hapa nazilinganisha njia nne ambazo mtu wa Unguja au Pemba anazo kihalali, na msimamo wangu nautoa mapema: usichague kwa kuangalia muda wa ndege hewani. Hesabu tangu unapofunga mlango wa nyumba yako mpaka unapokaribishwa ndani na wenyeji wako. Ukihesabu hivyo, njia inayoonekana fupi haiwi fupi kila siku, na ile inayodharauliwa huenda ndiyo ya busara kwa safari yako.

| Njia | Masafa | Ndani ya chombo | Nyumbani hadi kwa mwenyeji |
|---|---|---|---|
| Ndege moja kwa moja | km 245 | kama dakika 40 hewani | masaa 5 hadi 6 |
| Ndege kupitia Nairobi | km 1,020 | masaa 2 na nusu hewani | masaa 9 hadi 12 |
| Boti hadi Dar, kisha basi | km 75 baharini, kama 520 barabarani | boti masaa 2, basi masaa 10 hadi 12 | siku moja na nusu, na kulala Dar |
| Ndege ndogo hadi Tanga, kisha gari | km 126 angani, kama 170 barabarani | dakika 40 hewani, gari masaa 4 hadi 5 | masaa 8 hadi 10 |

Ndege ya moja kwa moja

Kwa miaka mingi safari hii imekuwa ya kuja na kupotea. Kampuni inaanza, inaruka kwa msimu, kisha inaacha. Julai 2024 Jambojet, kampuni ya Kenya iliyo chini ya Kenya Airways, ilianza kuruka baina ya Mombasa na Unguja kwa Dash 8-400, ndege ya pangaboi yenye viti 78. Ilipoanza haikuwa ya kila siku, na hilo ndilo la kwanza la kuangalia katika ratiba kabla hujauliza bei. Safari ya dakika 40 isiyokuwepo siku yako haikusaidii kitu.

Ikiwepo, ni safari nzuri sana. Masafa ni mafupi kiasi kwamba ndege ikimaliza kupanda inakaribia kuanza kushuka. Mstari wake unapita juu ya mkondo wa Pemba, bara ikiwa kushoto na kisiwa kulia. Ukienda keti upande wa kulia: siku ya anga safi utaiona Pemba na vighuba vyake vyote vya magharibi, kijani ya mikarafuu na minazi inashuka mpaka majini. Ukirudi keti kushoto.

Sasa tuhesabu masaa yenyewe. Kutoka mjini hadi uwanjani ni safari fupi, lakini gari zikisongamana Mwanakwerekwe au Kiembe Samaki ujipe dakika 40. Hii ni safari ya nje, kwa hivyo kampuni hutaka ufike masaa mawili hadi matatu kabla, na kaunta hufungwa mapema, mara nyingi saa nzima kabla ya kuruka. Halafu hizo dakika 40 za hewani. Ukiteremka Mombasa kuna foleni ya uhamiaji, kusubiri begi, kisha barabara ya kuelekea kisiwani. Uwanja wa Moi uko upande wa bara, na njia ya kuingia mjini inapita Changamwe, ambako malori ya bandarini hayana mapumziko. Kwa saa mbaya, zile kilomita kumi hivi za mwisho zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko ulivyokaa angani. Kwa jumla ni masaa matano, sita ukijihifadhi, na katika hayo ndege yenyewe imechukua chini ya sehemu moja kati ya saba.

Kuhusu bei, watu wengi hushangaa: kilomita 245 tu, mbona tiketi inakaribia ile ya Nairobi? Sababu ni kwamba kampuni inauza kiti, haiuzi kilomita. Ada ya abiria ya uwanjani kwa safari ya nje ni kiwango kimoja, uwe unakwenda Mombasa au unakwenda Ulaya, na imeshaingizwa ndani ya tiketi yako. Kwenye safari ndefu ada hiyo haionekani. Kwenye safari ya dakika 40 inakuwa sehemu kubwa ya pesa unayolipa. Ongeza na kwamba ndege hutumia mafuta mengi khasa wakati wa kupaa, na kupaa ni kule kule hata kama unakwenda karibu. Kwa hivyo usingoje kwamba ufupi wa njia utaleta urahisi wa bei. Kinacholeta urahisi wa bei ni kukata tiketi mapema na kukwepa wiki za Idi na likizo za skuli.

Kupitia Nairobi

Angalia ramani kabla hujakubali njia hii. Unguja hadi Nairobi ni kama kilomita 600 kuelekea kaskazini magharibi, ndani ya bara. Kisha Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 420 nyengine kurudi pwani. Unasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda mahali palipo kilomita 245, mara nne ya njia ya haki.

Pamoja na hayo, ina faida mbili za kweli. Ya kwanza ni wingi wa safari: Kenya Airways inaruka Unguja–Nairobi, na baina ya Nairobi na Mombasa ndege ni nyingi kwa siku, kwa hivyo ukichelewa moja kuna nyengine. Ya pili, siku ambayo ndege ya moja kwa moja haipo, kwa njia hii bado unaweza kwenda kwa ndege.

Mambo ya kuangalia ni haya. Kata tiketi moja inayobeba vipande vyote viwili. Ukikata mbili mbali mbali, kwa kampuni mbili, na ya kwanza ikachelewa kutoka Unguja, ya pili haina jukumu lolote na wewe. Utanunua upya kwa bei ya siku hiyo, ambayo ni kali. Muhuri wa kuingia Kenya utagongewa Nairobi, si Mombasa, kwa sababu kutoka Nairobi unakuwa abiria wa ndani. Na pale kaunta ya Kiembe Samaki, kabla begi halijaondoka kwenye mkanda, soma kikaratasi kilichofungwa kwenye mkono wake. Kikisema MBA, begi limeandikiwa Mombasa. Kikisema NBO, litaishia Nairobi na ni juu yako kulichukua na kulikabidhi tena. Muulize mhudumu pale pale kama kuna haja ya kulichukua Nairobi. Begi la nguo za harusi lililobaki Nairobi ni huzuni ambayo kikaratasi cha urefu wa shubiri kingeweza kuizuia.

Jengine: njia hii imefungamana na maelewano ya serikali mbili. Januari 2024 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitangaza kwamba itazizuia ndege za abiria za Kenya Airways baina ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu Kenya ilikuwa haijaikubalia Air Tanzania maombi yake ya safari za mizigo. Wakubwa walikaa, wakaelewana kabla ya zuio kuanza, lakini kwa siku zile kila aliyekuwa na tiketi mkononi alikuwa roho juu. Silisemi hili kwa kutia watu hofu. Nalisema kwa sababu mwenye safari isiyoweza kuahirishwa ni bora aijue pia njia ya barabara.

Kama mwisho wa safari yako ni Nairobi yenyewe, hapo mambo yanageuka. Ndege ya Unguja–Nairobi ni kama saa moja na robo hadi na nusu hewani, na hakuna njia ya nchi kavu inayokaribia hapo. Lakini familia yenye watoto ambayo haina haraka inaweza kuruka Mombasa, ikakaa siku mbili kwa jamaa, kisha ikapanda treni ya SGR, Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017: kilomita 472 kwa takriban masaa matano. Kituo cha Mombasa kiko Miritini, mbali kidogo na mjini, kwa hivyo ondoka mapema. Tiketi zake zimezoeleka kulipwa kwa M-Pesa ya Kenya. Mwombe mwenyeji wako akukatie siku kadhaa kabla, maana wiki za likizo hujaa.

Boti hadi Dar, kisha basi

Hii ndiyo njia ya wengi, na ndiyo njia ya mwenye mzigo. Boti ya kasi kutoka bandari ya Malindi inachukua kama masaa mawili hadi Dar. Kusi likikaza, khasa miezi ya Juni hadi Agosti, bahari huwa na mawimbi makubwa, na mtu ambaye roho yake huchafuka upesi ale kidogo kabla ya kupanda, akae chini katikati ya chombo, si mbele. Kaskazi huwa na siku tulivu zaidi.

Tatizo la njia hii si boti wala basi. Ni kwamba saa zao hazikutani. Mabasi ya Mombasa kwa kawaida huondoka Dar asubuhi na mapema, wakati boti ya kwanza ya Unguja haijatia nanga. Kwa hivyo mwenye kujua huvuka jana yake kwa boti ya alasiri, akalala kwa jamaa au nyumba ya wageni, na alfajiri akawa kituoni. Zipo pia gari za jioni, lakini hizo zinakufikisha mpakani usiku wa manane, na kwa mwenye watoto sipendekezi. Gharama ya kulala Dar iingize kwenye hesabu tangu mwanzo, pamoja na teksi au bajaji ya kwenda kituoni, kwa sababu watu hulinganisha nauli ya basi na tiketi ya ndege, wakaona tofauti kubwa, halafu Dar ikala nusu ya tofauti hiyo.

Barabara yenyewe ni ya lami mpaka mwisho: Chalinze, Segera, Tanga, Horohoro, halafu Lunga Lunga, Ukunda na Likoni. Ni kama kilomita 520. Sehemu inayochosha ni kutoka Dar hadi Chalinze, kwa wingi wa magari. Baada ya Segera gari inatembea vizuri, na mikonge ya Tanga inaanza kuonekana pande zote mbili.

Mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga unahitaji utulivu. Basi linasimama, kondakta anapiga ukelele kila mtu ashuke na pasi yake mkononi, na mnakwenda kwenye jengo. Kwa utaratibu wa kituo kimoja cha mpaka, maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja upande wa nchi unayoingia, kwa hivyo unatoka dirisha la muhuri wa kutoka na kusogea dirisha la muhuri wa kuingia, bila ya kutembea kutoka nchi hadi nchi kama zamani. Mabegi huteremshwa na kufunguliwa. Pembeni vijana wenye mabunda ya shilingi za nchi mbili watakuita "mjomba, shangazi, tubadilishe." Badilisha kidogo tu ya nauli na chai, zihesabu zao kabla hujatoa zako, na kiasi kikubwa kakibadilishe mjini. Ujue pia kwamba basi lina abiria zaidi ya hamsini na linawangoja wote. Mwenye karatasi pungufu akikwama, dereva atangoja kidogo, kisha atamteremshia begi lake na kuondoka. Hapo huna wa kumlalamikia.

Ukishapita Lunga Lunga, ni kama kilomita 95 hadi Likoni, katikati ya mashamba ya miwa ya Ramisi na minazi ya Msambweni, na watu wanazungumza Kiswahili ambacho utadhani uko Makunduchi. Likoni feri ni bure kwa mwenye kwenda kwa miguu. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inayozunguka na kuingia Mombasa bila ya kupanda feri. Muulize kondakta gari yenu inapita wapi, ili mwenyeji wako asikungoje upande usio wako.

Kupitia Tanga

Njia hii haisemwi vya kutosha, na mimi naipenda. Ndege ndogo za injini moja, za watu kumi na wawili hivi, huruka Unguja, Pemba na Tanga. Unguja hadi Tanga ni kilomita 126, na mara nyingi inapitia Pemba kuteremsha na kupakia. Hii ni safari ya ndani: huna uhamiaji, na ada zake ni ndogo kuliko za safari ya nje. Ukishuka Tanga, mpaka uko kilomita kama 65 tu kwa lami safi.

Kutoka Tanga una namna mbili. Unaweza kupanda basi linalotoka Dar kwenda Mombasa, ambalo hupita Tanga mchana. Lakini kiti kiwe kimewekwa tangu Dar, la sivyo utasimama. Au panda gari ndogo hadi Horohoro, vuka mpaka kwa miguu ukiwa na begi lako, halafu upande wa pili chukua matatu ya Lunga Lunga–Likoni. Namna ya pili inahitaji begi jepesi na mtu mwenye miguu yake. Faida yake ni kwamba humngojei abiria mwenzako mwenye karatasi pungufu.

Upungufu wake ni mzigo. Ndege hizo ndogo huruhusu mara nyingi kilo 15 tu, na wanapima kweli, begi la mkononi pamoja. Ukizidi unalipa, na siku ndege imejaa mzigo wako unabaki hata kama una pesa ya kulipia.

Kwa mtu wa Pemba

Nimetenga sehemu hii kwa sababu ushauri mwingi wa safari unaandikwa kama kwamba Zanzibar ni Unguja peke yake. Kutoka uwanja wa Chake Chake hadi uwanja wa Moi ni kilomita 137 angani. Hadi Unguja ni 125. Yaani Mombasa na Unguja, kwa Mpemba, ni takriban mwendo mmoja. Lakini akifuata njia anayoambiwa na wengi, anaruka kilomita 125 kwenda kusini, anangoja, kisha anaruka 245 kurudi kaskazini na kupita karibu na kwao tena. Kilomita 370 kwa mahali palipo 137.

Kwa Mpemba, Tanga ndiyo njia. Chake hadi Tanga ni kilomita 84, dakika 20 na kitu kwa ndege ndogo, na baada ya hapo ni zile kilomita 170 za barabara. Ukitoka asubuhi, unalala Mombasa. Kuna pia meli ya abiria na magari ya Pemba–Tanga, yenye nafasi ya mzigo isiyopatikana kwenye ndege. Siku zake ni chache kwa wiki, kwa hivyo ulizia bandarini kabla hujampangia mwenyeji tarehe.

Najua wapo watakaosema: mbona Wete hadi Shimoni ni kama kilomita 60 tu, kwa nini tusivuke wenyewe? Wazee walivuka, ni kweli, na kizazi chao kiko kule. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliitambua rasmi jamii ya Wapemba wanaoishi pwani ya Kwale na Kilifi na kuanza kuwapa vitambulisho baada ya miongo ya kuhesabiwa wageni. Lakini kuvuka kwa bandari bubu, usiku, kwa mashua isiyo na orodha ya abiria, ni kuiweka roho mkononi, mkondo wa Pemba ukiwa na hasira zake. Na ukifika salama huna muhuri wa kuingia, kwa hivyo kila kizuizi cha polisi kinakuwa shida, na kurudi kunakuwa shida zaidi. Siwezi kumshauri mtu njia hiyo hata iwe bure.

Karatasi, saa na mzigo

Mtanzania hahitaji viza ya Kenya, wala eTA, ule utaratibu wa idhini ya mtandaoni ulioanza Januari 2024. Raia wa Afrika Mashariki wamesamehewa. Ukikuta tovuti inayokudai dola za eTA kwa pasi ya Tanzania, ifunge. Pasi inatakiwa, au hati ya dharura ya safari kwa aliyepata jambo la ghafla. Kitambulisho cha Mzanzibari kinakuvusha hadi Dar na Tanga, hakikuvushi Horohoro. Kila mtoto awe na pasi yake.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ndiyo inayowakwamisha watu, tena wakati wa kurudi. Kenya iko katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hivyo Tanzania inaitaka kadi kwa anayeingia kutoka huko. Chanjo moja inatosha maisha yote. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha sharti la miaka kumi tangu 2016. Ila kadi inahesabiwa kuwa halali kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hivyo chanjo ya jana haikusaidii kwa safari ya kesho. Wenye jamaa Mombasa wachome sasa, kabla hawajaitwa.

Saa za Kenya na zetu ni zile zile. Tiketi lakini inaandika saa ishirini na nne. Baada ya 06:00 toa sita, na jibu likifika kumi na tatu au zaidi toa kumi na mbili tena: 16:40 ni saa kumi na dakika arubaini jioni. Kabla ya hapo ongeza sita: 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtu akiona 04:00 akafikiri ni saa nne asubuhi, ndege imeshaondoka.

Mizigo: mifuko ya plastiki ya rambo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania bara tangu Juni 2019, kwa hivyo halua na viungo vifunge kwenye vikapu au mifuko ya nguo. Mafuta ya karafuu yanayozidi mililita 100 yaende begi kubwa, si la mkononi. Karafuu kavu usibebe. Kuzitoa nchini bila ya kibali ni magendo, na hata vibaba viwili vya kumpelekea shangazi vinaweza kukuzuia safari.

Nani achukue ipi

Safari ya maziko ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu maziko yetu hayangoji. Aliyefariki usiku huzikwa Adhuhuri au Alasiri. Ni ndege ya moja kwa moja pekee inayoweza kukufikisha, na hiyo ni kama ipo siku hiyo na saa zake zinakubali. Kama haipo, nawaomba watu wasikimbilie tiketi ya dharura ya kupitia Nairobi, kwa deni, ili wafike baada ya Magharibi wakati kaburi limeshafukiwa. Ombeeni mlipo, kisha nendeni kwa khitma kwa njia mnayoimudu. Wafiwa wanahitaji watu siku ya tatu kama walivyowahitaji ya kwanza.

Harusi ina tarehe inayojulikana, kwa hivyo panga kuanzia hapo. Familia ya watu wanane yenye masanduku ya nguo na zawadi, basi linawafaa na pesa inayobaki ni ya kutunza. Maharusi na wazee waende kwa ndege ya moja kwa moja, hata kama ni siku mbili kabla.

Mfanyabiashara wa Kongowea, Marikiti au Mtaa wa Biashara hana mjadala: barabara. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani, bila ya ushuru wa forodha. Kidai, na risiti zako ziwe mkononi. Akirudi na mzigo kupitia Dar akumbuke kwamba bandarini kuna ukaguzi mwengine.

Mwenye kulazimika kwenda na kurudi haraka, yuko Unguja, na ndege ya moja kwa moja haipo siku yake, achague Tanga akiwa na begi dogo, na Nairobi akiwa na begi kubwa.

Na mzee asiyeweza kusimama muda mrefu asipitishwe Horohoro. Sogezeni tarehe mpaka ipatikane ndege ya moja kwa moja, na kiti cha magurudumu kiombwe siku ya kukata tiketi, kwa viwanja vyote viwili, kwa sababu ukikiomba asubuhi ya safari huenda vyote vikawa vimeshachukuliwa na mzee akapanda ngazi za ndege kwa miguu yake.